Miezi Mitatu Safi

2 Oktoba

Nimewaagiza Kidato cha Pili waandike shajara ya mvua za vuli, tangu wingu la kwanza hadi la mwisho. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, na wewe unayo yako?" Sikuwa nayo. Daftari hili nimelinunua kwa aibu.

Basi habari ya kwanza. Mzee Noordin anahamia Wajir kwa wanawe, na anauza nyumba yake. Vyumba vitatu vya mawe, tangi la maji, mwarobaini uani, na zaidi ya yote iko upande wa juu wa Garissa, ambako mto Tana haujawahi kufika. Mimi na binti yangu Nimo tumepanga huku bondeni miaka sita. Mara mbili tumehama na magodoro kichwani. Mara ya pili baba yake Nimo alikuwa keshafariki, godoro lake nikalibeba mimi. Naitaka nyumba ile. Nimeliandika hapa nisije nikajidanganya baadaye.

3 Oktoba

Benki. Afisa wa dirisha la Kiislamu anaitwa Keinan, mtu mpole, miwani yake huteleza puani kwa jasho. Amenieleza vizuri: hawakopeshi kwa riba. Benki na mimi tunainunua nyumba pamoja, mimi nakaa humo, kisha kila mwezi nailipa kodi ya fungu lake na kulinunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka liishe. Nikasema bismillahi, lete fomu.

"Mshahara wako hauna shida, mwalimu," akasema. "Shida ni hii stetimenti. Agosti umeingiziwa pesa na watu mia moja na nne. Siku mbili baadaye zote zimetoka. Machi, vilevile. Wewe ni mwalimu ama ni kampuni?"

"Ni qaaraan. Wewe si Msomali?"

"Mimi najua. Kamati ya Nairobi haijui. Wao wanaona pesa zinapita tu, wanauliza ni za nani. Niletee miezi mitatu safi: Oktoba, Novemba, Desemba. Mshahara uingie, kodi itoke, basi. Januari nitaipeleka faili mwenyewe."

Fomu inauliza pia jina la mtu wa kupigiwa simu kukiwa na dharura. Nikaandika Nimo. Keinan akasema mtoto wa miaka kumi na tano haruhusiwi. Nikakaa na kalamu hewani. Simu yangu ina majina mia tatu, na yote ni ya watu wanaonipigia mimi wakiwa na dharura zao. Nikaacha wazi.

5 Oktoba

Kwa atakayeokota daftari hili bila kutujua: qaaraan ni mchango wa ukoo. Mtu akiugua, duka likiungua, jamaa wote hutoa, kuanzia mchunga mbuzi wa Diff hadi binamu aliye Minnesota. Kwa miaka tisa akaunti inayopokea ni yangu, kwa kuwa nina mshahara, sina duka la kuzimeza pesa za watu, na naandika kila jina. Namba yangu wanaijua kuliko siku zao za kuzaliwa. Si ajabu, nusu yetu vitambulisho vinasema tulizaliwa Januari mosi.

Pesa zikibaki hungoja mgonjwa mwingine. Nimezirudisha mara moja tu, Habo Faiza, mama yangu mdogo, alipofariki kabla gari la kwenda Nairobi halijawashwa. Nilimrudishia kila mtu chake bila neno, kwa sababu neno sikuwa nalo. Tangu hapo imekuwa desturi kwetu. Qaaraan ikirudi kwenye simu, watu husema inna lillahi kabla ya kuuliza.

Kesho kutwa nitawaambia kwamba napumzika miezi mitatu. Nimefanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo. Nimo amenicheka.

7 Oktoba

Nimesema. Kikao kilikuwa kwa Abti Bishar, kaka yake marehemu mama, mfanyabiashara wa ngamia na mwenye sauti ya mwisho katika mambo yetu. Mjomba na mpwa kwetu huitana kwa neno moja, kwa hiyo hata tukigombana ni abti kwa abti.

"Kwa hiyo benki imekuambia uache watu wako, abti?"

"Imeniambia nipumzike miezi mitatu, abti."

"Na ugonjwa nao umeambiwa upumzike?"

Wanawake wakacheka, mkewe Madina akawakata jicho. Nikamweleza kuhusu fungu la benki na fungu langu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema hiyo ni nyumba ya karatasi, na karatasi mbuzi huitafuna. Nikamjibu kwamba hema la bibi yetu lilikuwa la mikeka na mbuzi hawakulitafuna kwa kuwa aliwafukuza. Hapo hata yeye alitabasamu, kidogo.

Ramlo, binti wa binamu yangu mwenye duka la simu, ambaye huniita Eddo, yaani shangazi, amejitolea kupokea badala yangu. "Usijali, Eddo. Nitafungua laini mpya, watu watume, form ni hiyo tu." Abti hakusema ndiyo wala hapana. Alivaa viatu.

12 Oktoba

Joto. Hata wingu la kusingizia halipo. Siku kumi na mbili safi.

20 Oktoba

Mvua ya kwanza, na bati la mwenye nyumba wangu limekumbuka matundu yake yote. Sufuria tatu na beseni. Mthamini wa benki amekwenda kwa Mzee Noordin, amepima kuta, amepanda hadi kwenye tangi. Hati ya umiliki imekaguliwa, iko sawa. Noordin amesema atanisubiri hadi tarehe kumi Januari, siku moja zaidi hapana, kwani kuna mwenye duka wa Mandera anayetaka kulipa taslimu.

31 Oktoba

Mwezi mmoja safi. Mshahara, kodi, umeme, sukari. Taarifa ya benki fupi kama ya bikizee.

Simu imekuwa kimya wiki nzima. Nilitarajia raha, nimepata kitu kinachofanana na kusahauliwa. Miaka tisa nimelalamika kwamba hawanipigii ila kwa shida. Sasa hawapigi kabisa, na mimi ndiye ninayeitazama simu wakati wa chakula.

9 Novemba

Mvua siku nne mfululizo. Tana imefika kwenye migomba ya jirani. Kidato cha Nne wako kwenye mtihani wa taifa, nami ni msimamizi wa chumba. Nimo amefungasha mkoba wake na kuuweka juu ya kabati, bila kuambiwa na mtu. Mtoto asiyepaswa kujua kufungasha namna ile. Januari, inshallah.

14 Novemba

Nawaandikia wanafunzi pembeni mwa insha, "Anza mwanzo." Nitaanza mwanzo.

Alfajiri lori la mbuzi lilipinduka kwenye matope likitoka Diff kwenda Wajir. Dagane, mwana wa Abti Bishar, alikuwa juu na mbuzi. Nyonga na mguu. Hospitali ya Wajir ikasema apelekwe Nairobi haraka, na binamu yetu Kadar aliye Wajir akatafuta ambulensi. Abti akatoa neno la qaaraan kama alivyolitoa siku zote: jina la mgonjwa na ugonjwa. Namba ya kutumia hakuitaja, kwa kuwa kwa miaka tisa haikuhitaji kutajwa.

Mimi nilikuwa kwenye mtihani, simu imefungiwa kwenye kabati la ofisi kama sheria inavyotaka. Saa saba nikaichukua. Watu thelathini na saba walikuwa wamekwisha kutuma kwenye akaunti yangu.

Nitaandika nilichofikiri, hata kama kinaniaibisha. Sikufikiri kwanza kuhusu Dagane. Nilifikiri, "Novemba yangu." Nikaona ile miwani ya Keinan ikiteleza. Nikakaa kwenye chumba cha walimu, nikaanza kurudisha, mmoja baada ya mwingine, ili yote yaonekane ni makosa yaliyosahihishwa. Nilikuwa na haraka na nilikuwa najivunia haraka yangu. Nilipofika wa thelathini na saba, nikanuia kuandika kwenye kundi la jamaa kwamba watume kwa Ramlo. Kengele ya karatasi ya mchana ikalia. Nikasema nitaandika nikitoka. Simu ikarudi kabatini kwa muda wa saa mbili na nusu nzima.

Nilipotoka, wa kwanza kupiga alikuwa Kadar.

"Maziko ni huku Wajir, au mnamleta Garissa?"

"Maziko ya nani?"

Nilipotamka neno hilo nikakumbuka desturi yetu. Nami ndipo nilipoelewa.

"Si umerudisha qaaraan?" Kadar akasema. "Hapa mtandao ulipotea, nikajua amekata roho nikiwa nje kwa dereva. Nimeiachia ambulensi ichukue mama mmoja wa kujifungua."

"Dagane yuko wapi?"

Nikasikia anakimbia. Nikasikia viatu vyake kwenye matope, mlango, sauti za wauguzi. Kisha akasema, akihema, "Yuko hai. Anaomba maji."

Nilikwenda kwa Abti kwa miguu kwa sababu bajaji zote zilikuwa zimekwama kwenye maji. Mikeka ilikuwa tayari imetandikwa uani chini ya turubai. Watu wamekaa, birika zimewekwa, sheikh ameanza kusoma. Madina alikuwa amelala chini, wanawake wanampepea. Nikapiga kelele pale mlangoni, mimi ninayewakataza wanafunzi kupiga kelele, "Yuko hai! Dagane yuko hai! Kosa ni langu!"

Abti alisimama polepole. Sikumjua uso. Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Simu yako imemzika mwanangu, abti," kisha akaenda kumwinua mkewe.

Nikakaa kwenye mkeka wa matanga ya mtu aliye hai, nikaandika kwenye kundi: "Dagane hajafa. Nilirudisha kwa ujinga wangu. Rudisheni tena, hapa hapa kwangu, sasa hivi." Ramlo akaninong'oneza, "Eddo, waambie watume kwangu. Nyumba yako?" Nikamwambia laini yake watu hawaijui, na siku ya kuifundisha si leo. Zikaanza kuingia. Kufikia magharibi walikuwa watu mia mbili na kumi na mmoja, wengine wakiwa wametuma mara mbili kwa furaha. Nikazituma Wajir kwa mkupuo mmoja. Ambulensi nyingine ilipatikana baada ya kupita saa sita tangu ile ya kwanza iondoke.

Nimewasahihishia wanafunzi mamia ya insha zilizoishia "majuto ni mjukuu", na kila mara nimeandika, "Tafuta jipya." Leo nimetafuta, sikupata.

16 Novemba

Amefanyiwa upasuaji Nairobi. Atatembea, lakini kwa mkongojo. Daktari hakusema kama zile saa sita zingebadili kitu. Mimi sikuuliza.

17 Novemba

Maji yameingia. Si mengi, kifundo cha mguu. Magodoro juu ya meza.

25 Novemba

Abti hapokei simu zangu. Madina anapokea, ananiambia "nyote hamjambo?" kwa heshima kubwa, na heshima hiyo inaniuma kuliko matusi.

Nimempelekea chakula. Vyombo vimerudi vimeoshwa, vitupu. Kwetu chombo hakirudi kitupu.

2 Desemba

Nimerudi kwa Keinan kabla hajaniita. Nimemwekea mezani taarifa ya Novemba, kurasa kumi na nne, na lile daftari langu la qaaraan la miaka tisa, kila jina na kila shilingi.

Akasoma muda mrefu. "Za kuingia na kutoka naweza kuzieleza," akasema. "Lakini kamati itauliza hizi thelathini na saba. Kwa nini ulizirudisha?"

"Kwa sababu niliwaogopa nyinyi."

Akavua miwani, akaifuta, hakuirudisha haraka. "Andika barua, mwalimu. Andika hivyo hivyo. Nitaiambatisha."

Nimeandika kurasa mbili. Ni insha bora niliyowahi kuandika, na sina wa kunipa alama.

10 Desemba

Shule zimefungwa. Mvua inapungua. Nimo ameuliza kama tununue mapazia ya nyumba mpya au tungoje. Nikamwambia tungoje, lakini achague rangi.

17 Desemba

Jibu. Kamati imesoma barua, inashukuru kwa maelezo, na inaomba miezi mitatu mingine safi. Januari, Februari, Machi.

Noordin ni tarehe kumi.

Nimekwenda bafuni nikalia huku nimefungulia bomba ili Nimo asisikie. Maji yakakatika, akasikia. Akasema nje ya mlango, "Hooyo, mimi huku bondeni nimeshazoea." Hilo ndilo lililonikausha machozi. Sitaki azoee. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho naenda kwa Noordin.

18 Desemba

Amekataa, kwa adabu, na chai. Machi ni mbali, yeye ni mzee, mtu wa Mandera ana pesa mkononi. Nimekunywa chai yote.

21 Desemba

Nimo amerudi kutoka dukani amebeba habari kuliko sukari. Amemwona Abti Bishar barazani kwa Mzee Noordin. Nikamwambia amefananisha. Akasema jana pia alikuwa pale, na juzi, ana birika lake la chai ya maziwa ya ngamia na kiti chake mwenyewe alichokuja nacho.

22 Desemba

Nimeyapata mengine kwa mke wa Noordin, sokoni. Siku tatu Abti amekuja baada ya alasiri, ameketi, amezungumzia ngamia, malisho ya Balambala, bei ya chumvi. Nyumba hakuitaja hata kwa bahati mbaya. Siku ya tatu Noordin ameshindwa kuvumilia.

"Bishar, sema ulilojia."

"Mimi? Nimekuja kuangalia mvua."

"Mvua imekwisha tangu juzi."

"Basi naangalia ilikokwenda."

Mke wa Noordin anasema Abti akajimiminia chai nyingine. Kisha Noordin akasema, kwa uchovu wa mtu anayetaka baraza lake, "Mwisho wa Machi. Lakini uondoke na kiti chako."

Nimekwenda moja kwa moja kwa Abti. Nilikuta Dagane amerudi jana, amelazwa ukumbini, mguu umeinuliwa kwenye mito. Aliponiona akafumba macho, akatoa ulimi nje kama maiti. Madina akampiga kwa upande wa kanga, kisha sote tukacheka mpaka tukalia, na kulia kule kulikuwa kwa kweli.

Abti alikuwa anatawadha. Nilisimama nikangoja.

"Abti, hukuwa na haja ya kwenda."

"Ulikuwa na miezi mitatu yako," akasema, bila kunitazama, anamimina maji mguuni. "Ukaifungua ili mwanangu apite. Nilikaa mwezi mzima naliona kosa lako tu. Dagane ndiye aliyeniambia, hospitalini. Kaniambia, baba, yeye alirudisha thelathini na saba, kisha akapokea mia mbili na kumi na mmoja, nawe unahesabu zipi?"

Madina akaingia na sahani zangu za mwezi uliopita, nilizodhani zimerudi zote. Mbili zilikuwa zimebaki. Zimejaa tende.

1 Januari

Nusu ya ukoo leo inatimiza umri, na mimi nimo. Siku ya kwanza ya miezi mitatu.

Asubuhi neno la qaaraan limetolewa, mtoto wa jirani wa Kadar, moyo. Abti ameitaja namba ya Ramlo mara tatu, akairudia kwa sauti iliyorekodiwa, akamalizia, "Atakayetuma kwa mpwa wangu Rukiyo nitamfuata alipo." Nimetuma mchango wangu kwa Ramlo. Mstari mmoja, wa kutoka. Kamati ikiuliza nitaeleza.

5 Januari

Fomu mpya kwa Keinan. Nilipofika kwenye mtu wa kupigiwa simu kukiwa na dharura, nikaandika Bishar, mjomba, mfanyabiashara wa ngamia, bila kuinua kalamu. Keinan akasema benki humpigia mtu huyo kuhakikisha. Nikatoka mbio nikamwahi Abti kabla ya simu, maana yeye humkatia asiyemjua.

Simu ililia tukiwa uani. Nami huongea naye Kisomali siku zote, nilikuwa nimesahau Kiswahili chake cha sokoni, kinachogeuza kila p kuwa b.

"Alo? Habana, kwanza salamu. Wa alaykum salaam. Nani? Benki! Sikiza, benki. Rukiyo mimi najua tangu anazaliwa. Besa ya watu amechunga miaka tisa, hata shilingi moja haijabotea. Mara moja alirudisha, tukalia sana, lakini besa ilikuwa kamili." Akasikiliza. "Akishindwa kuliba? Mbona aulizwe yeye beke yake? Utabiga hii namba. Mimi sitoroki, ngamia wangu wanajulikana. Haya. Salimia fijana wote wa hiyo ofisi."

Akaikata, akaitia mfukoni, akairudia kazi yake ya kumfunga Dagane bendeji upya. Nikamshikia ncha ya bendeji.

"Leo siku ya tano," akasema kwa Kisomali, mdomoni ameshika pini. "Zimebaki themanini na tano."

Sikuwa nimemwambia. Amekuwa akihesabu mwenyewe.